Kombeo la Nyanchama

Katika wakulima wote wa Migori, hakuna aliyewachukia tumbili kama Nyanchama, na hakuna tumbili asiyemjua. Kombeo lake halikosi. Hata mwaka ule wa tisini na sita, kanisa lilipowapeleka waumini Homa Bay kwa lori kushinda kando ya ziwa, alilifunga kiunoni juu ya gauni lake la Sabato. Mazoea yana taabu.

Ibada ilipokwisha alijitenga, akakaa kwenye nyasi na viazi vitamu alivyochemsha Ijumaa. Tumbili mmoja akashuka mtini. Nyanchama akagusa kombeo. Lakini huyu hakunyakua kitu. Alikaa miguuni pake, akaanza kubandua vishona nguo, vile vijimbegu vya magugu, vilivyoganda kwenye pindo la gauni, kimoja kimoja, amekunja uso kama shangazi anayesuka mtoto mkaidi. Nyanchama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyemkaribia hivyo bila kutaka kitu. Akammegea kiazi, naye akakipokea kwa mikono miwili. Adabu hiyo wanakwaya wengine hawana.

"Nyanchama!"

Alikuwa Mzee Omanga, mwenye shamba analolima Nyanchama. Mavuno hugawanywa nusu kwa nusu. Jasho na ulinzi ni vya Nyanchama peke yake.

"Hao ndio wanamaliza mahindi yangu. Piga huyo kichwa!"

"Sipigi, mzee."

"Unasemaje?"

"Kule shambani ni mwizi. Hapa ni kwake, na wageni ni sisi. Tena hili kombeo ndilo kazi yangu ya wiki nzima. Mzee wa kanisa, unanituma kazi siku ya Sabato?"

Waumini waliokuwa karibu wakaguna, wengine wakameza kicheko. Omanga aliona haya, na haya ya mkubwa haikawii kugeuka hasira. Akaokota jiwe mwenyewe. Nyanchama akasimama mbele ya tumbili, akapanua miguu.

"Basi anza na mimi."

Hakuwa na shamba lingine la kumlisha. Hata hivyo hakusogea.

Omanga akaliangusha jiwe. "Sawa. Toa mahindi yako, halafu utafute kwingine pa kulima."

"Nitatafuta."

Jumapili asubuhi aliingia shambani, akavuna nusu yake mpaka mstari wa katikati, si hindi moja zaidi. Tumbili walikuwa wamejaa tele kwenye miti ya mpakani, wakitazama. Omanga akaja mbio.

"Na hii nusu yangu, nani ataichunga mpaka nipate watu wa kuvuna?"

Nyanchama akafungua kombeo kiunoni, akamtia mkononi.

"Jiwe linakaa hapa katikati," akamwonyesha, kisha akajitwika gunia lake, akaenda zake.