Chupa ya Kiwanda Kidogo

Bwana Kizibo, kama walivyomwita majirani kwa utani ambao hakuwahi kuuchekea, alisimama mlangoni mwa jiko. Mezani, chupa zake za kale za bia zilikuwa zimepangwa mstari, zinang'aa, zinachuruzika maji. Lebo zake zilikuwa karaini, zimegeuka rojo.

"Nimekusaidia, baba," alisema mkaza mwana wake, akijifuta mikono. "Mgeni wa makumbusho asije akakuta vumbi."

"Kwa nini umeziloweka?"

"Si wewe mwenyewe, baba? Chupa yenye lebo ni chupa chafu. Wimbo huo nausikia tangu niolewe humu."

Ulikuwa wimbo wake kweli. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kuoshea chupa katika kiwanda kidogo cha bia cha mji ule, ambako chupa zilizorudi kutoka kwenye mabaa zililowekwa katika magadi ya moto mpaka karatasi ibanduke. Mwoshaji aliyeacha kipande kama ukucha alirudia kazi. Alipostaafu aliihamishia sheria ile nyumbani, hata kwa chupa za siki. Zile za kale alizozihifadhi kabatini hakuzitolea neno. Hakudhani mtu angethubutu kuzigusa.

Nyingi hazikudhurika. Zilitoka kiwanda kikubwa cha mkoa, kilichokuwa na uwezo wa kuagiza chupa zenye jina lake lililoinuka kwenye kioo. Kiwanda kidogo kilitumia chupa za kawaida, jina lake likawa la karatasi tu. Kikubwa kilipokinunua na kukifunga, Bwana Kizibo alibaki na chupa moja, na kwa kupekua maghala na majalala miaka yote ile hakupata ya pili. Hiyo ndiyo aliyotaka iwekwe makumbusho, watu wajue kwamba nao walikuwepo.

Mwanawe alitokea na simu mkononi. "Baba, picha yake ninayo. Nichapishe lebo nyingine, tuipake chai izeeke, tuibandike. Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi tutasema ni nakala."

"Nakala haipakwi chai."

Afisa wa makumbusho alibisha hodi kabla hasira haijampoa mzee. Alitoa shikamoo, akazisifu chupa, kisha akaigeuza ile moja na kuitazama kitako.

"Hii haina jina, mzee."

"Lilikuwepo mpaka asubuhi."

Mkaza mwana akaleta karai, macho chini. Afisa akachambua rojo kwa kidole. Rangi nyekundu ikambakia ukuchani, basi.

"Pole sana. Sasa chini yake nitaandika nini?"

"Andika ninayokwambia."

"Utaratibu wetu ni kwamba kitu chenyewe kiwe ushahidi."

"Mimi nilifanya kazi kiwandani humo tangu ujana. Mimi si kitu?"

Afisa alicheka, akaona amecheka peke yake. "Hizi nyingine nitazichukua kwa shukrani," alisema taratibu.

Kwa hiyo ukumbi mzima ungekuwa wa wale waliowafunga. Bwana Kizibo alitamani kukataa, lakini alikwisha kuahidi, na ahadi yake hakuwahi kuivunja. Akavuta magazeti ya zamani, akaanza kuzifunga chupa za wapinzani wake, akihakikisha hazigongani.

Mkaza mwana aliponyoosha mkono kusaidia, mzee aliyasogeza magazeti mbali naye. Akafunga chupa mbili peke yake. Kisha akamsukumia nusu ya magazeti.

"Anza na shingo," alisema bila kumtazama. "Na usikaze."