Mistari Inayorukwa

Fundi alikuwa amechoka hadi kope. Meneja wa kiwanda cha kufulia alimwahidi kazi ya kudumu akimjengea kompaila, programu ya kusoma maagizo yote ya zamu kwa mkupuo na kuyageuza lugha ya mashine, ili ratiba zitoke upesi. "Na inase kila kosa," alisisitiza.

Programu ya zamani ilisoma mstari kwa mstari. Ikikuta neno isilolijua, iliuruka mstari mzima bila kunung'unika. Kompaila haikuruka kitu. Siku ya kwanza iligoma, ikatema makosa skrini nzima: mgongo, mimba, mtoto anaumwa, msiba, mgongo tena. Kila neno limetangulia jina la mwanamke aliyepangiwa chumba cha pasi.

Akamwita dada yake, msimamizi wa zamu.

"Dada, mmeandika upuuzi gani humu?"

"Mgongo wa mwenzako ndio upuuzi? Tukiomba ruhusa tunanyimwa. Tukiandika hivyo, mashine inamruka mtu, anapumzika. Tunapokezana. Wewe na kompyuta yako mmekuja kutuumbua."

"Sikujua."

"Sasa umejua, msomi wa kujifundisha."

Wakubwa wana kipaji cha kusahau; Fundi hakujaliwa nacho. Mama yao alisimama kwenye pasi hizo hizo mpaka nyonga zikagoma, na kiwanda kikamuaga kwa kumpa shuka lililoungua. Lile shuka walilijua wote wawili; walijifunika nalo.

Akarudi kitini, akaifuta sehemu ya kukagua maneno. Ndiyo iliyomla nguvu kuliko zote, na ndiyo aliyoionea fahari. Akaweka kanuni ya zamani: neno geni, mstari urukwe, kimya.

Meneja alikuja kujaribu. Akaandika neno la ovyo mbele ya mstari mmoja. Ratiba ikatoka mbio, mstari ule haumo.

"Mbona haikusema kitu?"

"Lugha yenu ndivyo ilivyo, bosi. Kompaila haitungi sheria, inazifuata."

"Mimi nilitaka inase makosa."

"Hilo siliwezi."

Uongo huo ulimwuma kuliko mgongo.

"Basi kazi ya kudumu tusiizungumzie. Nilidhani unajua."

"Sawa, bosi."

Dada alimkuta mlangoni akizungusha waya wa chaja mkononi, akaketi kizingitini. "Wamekupa?"

"Hawajanipa."

"Kisa sisi?"

"Kisa wao. Sogea kidogo, dada, nikae."