Vitufe Kumi vya Wifi

Itangazwe kwa taadhima, na wenye kofia wavue: siku ya Jumanne, katika chumba cha wachapaji wa kumbukumbu za vikao, uliingia uvumbuzi wa kubadili historia ya mkono wa binadamu. Ulikuwa na vitufe kumi, na ulifanana na kisahani kilichokaliwa.

"Hiyo ni kibodi au mtego wa panya?" aliuliza Radi, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyotwanga kibodi yake.

"Mtego wa wambeya," alijibu wifi yake, dada wa mumewe, kutoka meza ya pili. "Sogeza pua."

Wifi aliumwa vifundo vya mikono hadi daktari akampiga marufuku kibodi ya kawaida. Kwenye kidude hiki vidole havikusafiri. Alibonyeza vitufe viwili vitatu kwa pamoja, herufi ikatoka. Mibonyezo mingine aliipangia neno zima. Bosi alimpa jaribio moja tu, Alhamisi, ukurasa mmoja wa imla. Akivurunda, afungashe virago.

Radi aliomba wifi avurunde. Kila kosa la Radi kazini, wifi alilifikisha kwa mama mkwe kabla Radi hajavua viatu. Kuomba kukamchosha. Jumatano, wifi alipokwenda kula, Radi alifungua orodha ya mibonyezo kwenye kompyuta ya wifi, akalitafuta neno "mwenyekiti", akalifuta, akaandika "mbuzi".

Alhamisi bosi akasoma imla, wifi akibonyeza: "Mwenyekiti alifungua kikao..."

Radi akaficha uso kwenye faili.

"Mwenyekiti akawashukuru wajumbe..."

Mabega yakamtikisika. Imla ilipofika mwenyekiti anaomba maji ya kunywa, Radi aliangua kicheko hadi kiti kikalia.

Bosi akauchukua ukurasa, akausoma wote. Haukuwa na doa.

"Kichekesho kiko wapi, mama?"

Radi akajifanya anapanga faili.

"Neno 'mwenyekiti' bado naliandika herufi moja moja," wifi alisema taratibu, macho kwa Radi. "Mbonyezo wake vidole havijauzoea. Hebu tuujaribu."

Akabonyeza. Bosi akainamia kioo cha kompyuta, akasoma kwa sauti ileile ya kikao: "Mbuzi."

"Haya, wifi," alisema wifi. "Utasema, au nikamwachie mama akuulize?"

"Ni mimi. Jana, ulipokwenda kula. Nilitaka ufukuzwe. Na la 'katibu' pia nimelibadilisha. Hilo usilibonyeze mbele ya bosi."