Klachi ya Kidole

Gari lile nililinunua kabla sijaolewa. Kabla ya Kamarul, kabla ya nyumba hii, nilifanya kazi kiwandani, nikiyeyusha risasi ya kulehemu kwenye vibao vya redio kutwa nzima, na akiba yangu yote niliitia kwenye gari jekundu la viti viwili lililotoka Japani likiwa limeshatumika. Limelala chini kama paka anayenyemelea. Taa zake za mbele hujificha ndani ya boneti, ukibonyeza swichi ndipo zinainuka. Mama yangu alilitazama siku ya kwanza akauliza, "Leha, na watu wengine wa familia watakaa wapi?"

Hapa Ipoh, Malaysia, mtaa mzima ulinizoea. Jumapili asubuhi nilipandisha barabara ya milimani mpaka nyanda za Cameron, nikirudi kabichi zimejaa kwenye buti. Kamarul aliponiposa alijua anaoa na gari.

Halafu lori likanigonga kwenye makutano, nikiwa kwenye pikipiki naelekea sokoni. Nilizinduka hospitalini, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti, na mume wangu amenishika mkono kwa nguvu hadi vidole vinaniuma. Sikumwambia alegeze.

Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Nilipata mguu wa bandia, nikajifunza kutembea nao, nikapanda ngazi, nikarudi jikoni. Lakini klachi inataka unyayo unaosikia, na ule wa kwangu hausikii kitu. Kila nilipojaribu, gari liliruka kidogo kisha likazima. Nikaacha. Tukalifunika turubai, likakaa kibarazani msimu wa mvua ukaja, ukapita, ukaja tena.

Kamarul anashona songkok, zile kofia nyeusi za mahameli, kwenye duka lake mjini. Ni mtu mpole. Ila alikuwa akipita kibarazani anageuza uso upande wa pili, kama anapita mbele ya mtu waliyegombana. Siku moja akasema, "Tuliuze, Leha. Linatuumiza macho." Nikakubali. Ningefanya nini?

Mnunuzi akaja kutoka Taiping, kijana mwenye viatu vyeupe. Kamarul akafungua turubai kwa madaha, akaingiza ufunguo, akauzungusha. Tik, tik, tik. Basi. Akabonyeza swichi ya taa. Moja ikainuka, nyingine ikabaki imelala, gari likawa kama linamkonyeza yule kijana.

"Bosi," kijana alisema huku akicheka, "hili umelifunika kama maiti kwa sababu ni maiti." Akaondoka zake.

Ndivyo Anko Heng alivyoingia nyumbani kwetu. Ni mzee wa Kichina, fundi umeme wa magari, karakana yake iko nyuma ya duka la kahawa, na sijawahi kumwona na suruali ndefu. Kamarul alimwita alitengeneze gari ili lipate kuuzika. Heng alikuja na mita yake na boksi la vifaa, akavua ndala kabla ya kuingia garini, kama anaingia sebuleni kwa mtu.

"Ni betri tu hiyo, Anko," Kamarul alimwambia. "Tia mpya tumalize."

"Mimi nimekuja dukani kwako kukuambia uzi wako umeisha?" Heng alijibu. Akagusisha mita kwenye vichwa vya betri. "Ona. Betri hii nzima kuliko mimi."

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa gari. Sikutaka kuwepo, lakini miguu yangu, wa nyama na wa bandia, ilinileta pale yenyewe. Heng alijikunja chini ya dashibodi mpaka zikabaki kuonekana nyayo zake tu. Baada ya muda akatoka na kiota cha panya. Kilikuwa kimetandikwa vipande vya mahameli nyeusi, laini kabisa, masalio ya kofia ambayo Kamarul hurudi nayo nyumbani.

"Kamarul," alisema kwa heshima zote, "panya wako wanavaa vizuri kunishinda."

Nilicheka. Kamarul naye alicheka, kisha akanitazama kwa mshangao, maana ilikuwa zamani sana tangu anisikie hivyo.

Nyaya zilikuwa zimetafunwa, ya stata ikiwemo. Heng alizikata zilizokufa, akaunga mpya, akaficha kila kiungo vizuri kwa gamba la plastiki. Ufunguo ukazungushwa na injini ikanguruma. Lakini ilipopata moto, ikaanza kukohoa, ikazima. Tukasubiri ipoe. Ikawaka. Ikapata moto, ikazima tena.

"Anko," nilisema, "kuna kitu. Zamani nikiinua taa, mshale wa joto ulikuwa unaruka juu. Nikizizima, unarudi."

Heng akageuka polepole. "Wakati huo huo? Taa juu, mshale juu?"

"Wakati huo huo."

"Na injini yenyewe haijapata joto lolote?"

"Hamna."

"Na umekaa kimya hapo unatazama mzee anavunjika mgongo!"

"Hukuniuliza."

Alinitikisia kidole, lakini uso wake ulikuwa umechangamka. Akanieleza huku akifanya. Umeme ukitoka kwenye betri lazima uwe na njia ya kurudi, na njia hiyo ni nyaya nene zinazofungwa kwenye bodi ya gari. Ikishika kutu, umeme wa taa hutafuta pa kupita, huingia hata kwenye njia ya mishale, ikaanza kusema uongo. Aliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye injini, akaniambia niinue taa. Mita ikaruka mahali ilipotakiwa kutulia. Nyuma ya taa ya kushoto, ile iliyogoma kuinuka, tukaukuta waya umeota ukungu wa kijani. Akaukata, akasugua chuma mpaka kikang'aa, akafunga mpya mnene. Taa zote mbili zikainuka pamoja. Sikujua kama mtu anaweza kuzipenda taa kiasi hicho.

Kuzima bado kulikuwepo. Kesho yake Heng akachomoa kompyuta ya injini, kiboksi cha bati kisichozidi kitabu, akakifungua juu ya meza yetu ya kulia. Harufu ya samaki ikatoka.

"Wewe umepika nini?" Kamarul aliniuliza akiwa mlangoni.

"Ni hii," Heng alisema. Akanionyesha kapasita, vikopo vidogo vilivyosimama kwenye kibao. Maji yake yalikuwa yamevuja kwa uzee, yamekula njia za shaba. Alikuwa amekuja na vipya, vinavyostahimili joto kuliko vile vya kwanza. Akashika chuma cha kuchomea, akakisogeza, kisha akakirudisha. Mkono wake ulikuwa unatetemeka.

"Siku hizi uko hivi," alisema bila kuuficha. "Nyaya nene naziweza. Hivi vidogo vinanikimbia. Wewe si ulikuwa kiwandani?"

"Zamani, Anko."

"Mikono haistaafu. Kaa hapa."

Nikakaa. Risasi iliyeyuka, ukapanda ule moshi wenye harufu ya utomvu, na mikono yangu ikakumbuka kila kitu. Nilitoa kilichovuja, nikasafisha, nikatengeneza njia zilizoliwa kwa nywele za waya, nikatia kipya. Kimoja baada ya kingine. Heng alikuwa anapumua sikioni kwangu. Tangu ajali, kila mtu alikuwa akinifanyia mambo, na niliwashukuru wote. Ila siku hiyo kuna mtu alinihitaji nimfanyie yeye.

Tulirudisha kompyuta mahali pake. Injini ikawaka, ikapata moto, ikaendelea kuimba. Tuliiacha hivyo tukanywa kahawa, nayo inaimba tu. Nikalia.

"Mbona unalia? Limepona," Heng alisema.

"Linauzwa, Anko."

Akakitazama kikombe chake. Akautazama mguu wangu waziwazi, si kwa kuibia, kama anavyotazama waya. "Klachi ni kitu cha kusukumwa tu. Nani alisema lazima mguu? Tunaweka mota ndogo inavuta pedali. Swichi tunaiweka kwenye kichwa cha gia, chini ya kidole chako. Unabonyeza, klachi inaingia. Unaachia, inarudi. Nimeona mwanajeshi mmoja mstaafu kule Penang anaendesha hivyo."

"Hapana," Kamarul alisema.

Hakupaza sauti, lakini Heng akafunga boksi lake, akavaa ndala, akaaga. Mume wangu akaenda dukani bila kumaliza kahawa.

Alasiri mvua ikashuka, nzito, ile inayozima hata sauti ya redio. Kamarul alirudi amelowa, akakaa kibarazani kando ya gari. Nikampelekea taulo. Hakujifuta.

"Nilitaka rendang," alisema.

Sikumwelewa. Nyama ile hupikwa kwa tui la nazi saa nyingi mpaka ikauke. "Sasa hivi?"

"Siku ile. Mimi ndiye nilitaka rendang. Nikakutuma nazi. Ungekuwa umekaa nyumbani, Leha, ungekuwa na miguu miwili."

Muda wote ule, mwaka na zaidi, alikuwa anabeba hilo peke yake, huku akinipikia, akinifulia, akinishika mkono ngazini. Nilikuwa nadhani anapogeuza uso analichukia gari. Kumbe alikuwa anamchukia mtu mwingine kabisa.

"Abang," nilimwita, kama wake wa kwetu tunavyowaita waume zetu, "lori ndilo lililopita taa nyekundu. Rendang haikupita taa yoyote."

Alinitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akaficha uso kwenye lile taulo. Nilikaa naye. Mvua iliendelea kupiga bati.

Alipotulia, akauliza, "Hiyo swichi, nyaya zake zitapita wapi?"

"Kwenye fimbo ya gia, nadhani."

"Zikining'inia kama utumbo wa kuku?"

"Labda."

"Hapana," alisema, na safari hii neno lilikuwa na ladha nyingine. "Nitaishonea ngozi."

Heng alirudi na mota. Kazi haikuwa nyepesi. Mara ya kwanza mota ilipovuta, taa zilififia na redio ikakata, maana ilikunywa umeme kuliko gari lilivyozoea kutoa. Heng akatafuta altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, yenye nguvu zaidi, akaivutia mota njia yake yenyewe kutoka kwenye betri, yenye waya mnene na fyuzi yake, ili isimnyang'anye mtu. Mara ya pili niliachia swichi, klachi ikarudi kwa kishindo, gari likaruka na kuvunja vyungu vyangu vya maua.

"Breki!" Kamarul alipiga kelele, akiwa amepanda juu ya kiti cha plastiki.

"Inatakiwa irudi taratibu," Heng alisema, huku akiokota udongo kwenye nywele zake. "Kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Haraka mwanzoni, karibu na kitanda unapunguza, halafu unatoa mikono." Akaongeza kidude cha kupima pedali imefika wapi, na kitufe cha kurekebisha mwendo. Tulirekebisha, tukajaribu, tukarekebisha, nikienda mbele na nyuma pale uani mpaka majirani wakaacha kuchungulia. Kisha ghafla, nikaachia kidole na gari likaondoka kama maji. Heng alikuwa anatabasamu kama mpumbavu, na nadhani mimi pia.

Kamarul alishona ngozi nyeusi kuzunguka fimbo ya gia, uzi mwekundu, mishono midogo ile ile ya kofia zake. Hakuna waya hata mmoja uliobaki nje. Wakaguzi wa magari walilichukua, wakalizungusha, wakabonyeza kila kitu, wakaliendesha wenyewe, wakanitaka niliendeshe mbele yao, wakaniandikia ruhusa.

Nilimwendea Anko Heng karakanani na chungu cha mchuzi, nikiwa nimepanga maneno mazuri. Aliyakata katikati.

"Shukuru panya," alisema. "Wasingekula nyaya, yule wa viatu vyeupe angeondoka nalo." Kisha akafunua chungu, akanusa, na macho yake yakalowa, akasingizia pilipili. "Jumatatu njoo," akaongeza. "Kuna kompyuta nyingine mbili zinanuka samaki. Mikono yangu haiziwezi." Ninakwenda kila Jumatatu hadi leo.

Safari ya kwanza tulikwenda mji wa Kuala Kangsar, mimi na Kamarul, kula laksa, zile tambi za mchuzi wa samaki. Nilimfungulia mlango. Alijifunga mkanda, akaukaza, akashika mpini wa mlango, akasoma dua kimya kimya. Nikabonyeza kidole, nikaingiza gia, nikaachia.

Tulipita barabara ya zamani, ile yenye miti ya mpira kila upande. Umande ulikuwa bado haujakauka. Kidole changu kilifanya kazi ya mguu, mwanzoni kwa woga, baadaye nikasahau kama kinafanya. Kwenye kona ya kwanza Kamarul alisema, "Polepole, Leha." Kwenye ya pili akasema, "Taratibu." Kwenye ya tatu akawa anatazama miti.

Barabara ikanyooka, nikapunguza mwendo kwa ajili yake. Nikamwona ameachia mpini wa mlango, mkono uko dirishani, upepo unapita katikati ya vidole vyake.

"Mbona umepunguza?" aliuliza.

Nikabonyeza, nikabadili gia, nikaachia. Gari likavuta. "Alhamdulillahi," nilisema kwa sauti, naye akaitikia kwa sauti zaidi, na tukaendelea hivyo mpaka daraja la Kuala Kangsar likaonekana.