Shati la Mwendesha Lifti

Tangu mkewe afariki, mwendesha lifti alikuwa anaona watu wakijaza pumzi vifuani kabla ya kuingia. Wengine walipanda ngazi mpaka ghorofa ya saba, viatu mkononi, ilimradi wasipande naye.

Jumatatu ikaja barua ya meneja. Kumwita akamwambia uso kwa uso hakuthubutu. Wakubwa ndivyo walivyo, wanatukana kwa karatasi. Arekebishe usafi wa mwili kabla ya Ijumaa, la sivyo kazi basi. Na kazi ikienda, chumba chake nyuma ya jengo nacho kwaheri.

Usafi gani tena? Alikuwa anaoga mara tatu kwa siku, anajisugua mpaka kwapa linachubuka. Akijinusa kulia, akijinusa kushoto, pua haimwambii kitu, maana imezoea. Marehemu ndiye aliyekuwa pua yake. Kila asubuhi alimnusa mlangoni akasema, "Rudi ndani, baba," au, "Haya, nenda." Binti yake alipoulizwa alijibu, "Hunuki, baba," huku akifungua dirisha.

Alhamisi akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, dobi wa hospitali. Mdomo wa mama huyo hauna breki.

"Umeniita nikunuse?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Makubwa! Dada angesikia angefufuka. Haya, vua, inua mkono."

Akanusa. Akanusa tena.

"Hapa hamna kitu, shemeji. Lete shati la kazi."

Shati lilikuwa la nailoni, limefuliwa, limekauka, halina hata doa. Shemeji akapitisha pasi ya moto kidogo pale kwapani, mara akaruka nyuma.

"Mama yangu! Beberu huyu hapa!"

Mwendesha lifti alikaa kitandani kama aliyepigwa.

"Nailoni inashika mafuta ya mwili," shemeji akamweleza. "Sabuni inapita juu, vijidudu vinabaki ndani. Likipata joto, vinaamka. Tuliloweke kwenye siki, lakini hili limeshachoka, haliponi. Punguza nywele za kwapa, jikaushe vizuri, vaa pamba. Siku ukinuka bila shati, nenda kwa daktari, usione haya. Una mangapi haya?"

"Hilihili. Mwaka wa nne. Nikiomba jingine wananiambia bajeti."

"Basi jikaze kisabuni."

Ijumaa alitoka na shati lake jeupe la pamba, mwepesi kama bwana harusi. Mlinzi akamzuia mlangoni.

"Sare, mzee. Meneja kasema asiye na sare haingii."

"Hiyo sare ndiyo inayonuka!"

"Mwambie yeye. Mimi nalinda mlango tu."

Akarudi kuvaa nailoni. Mpaka saa nne siki ilisaidia, shati likatulia. Kufika saa sita lile sanduku la chuma lilikuwa tanuri, na karani wa ghorofa ya nne akageukia ukuta. Avae, afukuzwe kwa harufu. Asivae, afukuzwe kwa kukosa sare. Wakubwa wamempangia yote mawili.

Saa nane meneja akaingia peke yake ghorofa ya tisa, leso puani.

"Leo Ijumaa," akasema.

Mlango ukajifunga. Mwendesha lifti akafungua vifungo, akavua, akabaki kifua wazi.

"Bosi, ninuse mimi. Halafu unuse hili."

"Una wazimu wewe?"

"Nusa tu. Huna pa kwenda mpaka chini."

Meneja alijibana kwenye kona, lakini lazima mtu apumue. Leso ikashuka kidogo. Macho yake yakatoka kwenye mwili yakaenda kwenye shati, yakabaki hapo. Alikuwa ameelewa, ilionekana.

"Shati ni mali ya kampuni," akasema hatimaye. "Nakuongezea wiki moja. Lirekebishe."

"Nirekebishe nailoni?"

Mlango ukafunguka, meneja akatoka mbio.

Taa ya ghorofa ya saba ikawaka: kuna mtu anaita. Mwendesha lifti akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Shati lilikuwa bado na joto lake.