Kahawa ya Dada Nui

Asubuhi moja, mvua ya mji wa Taiping ikiwa bado haijaamua kama inaacha au inaendelea, Foo Siang alikuwa akichuja kahawa kwa mfuko wake wa kitambaa. Dada yake Nui akaingia mgahawani na kuketi meza ya mbele, karibu na mlango. Nui alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Alivaa blauzi ileile waliyomzika nayo, na viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Dada amekuja," Siang akamwambia mkewe.

"Nimemwona," Geok akajibu, akiendelea kupaka mkate jamu ya nazi. "Mpelekee kikombe basi, asikae mikono mitupu mbele za watu."

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Mgahawa wa Foo ni mkongwe kuliko wateja wake wengi, na fahari yake yote ni hii: mteja wa kudumu haulizwi. Mzee Jamal, fundi saa, hajafungua mdomo kuagiza tangu alipooa. Akikunja mwavuli tu, kahawa nyeusi isiyo na sukari na mayai yaliyoiva nusu yako mezani, pilipili manga pembeni. Anayeulizwa ni mgeni. Wapo waliohama mji huu, wakarudi uzeeni, wakaulizwa wanakunywa nini, wakaondoka na kidonda moyoni.

Na Siang, aliyekulia nyumba moja na Nui, hakujua dada yake anakunywa nini.

Hawakuzaliwa tumbo moja. Mama yake Siang alimchukua Nui akiwa mtoto, kutoka kwa watu waliojiona wana mabinti wengi mno, akampa jina la ukoo na beseni la vyombo. Wageni waliambiwa huyu ni binti wa nyumba, na kwa maneno alikuwa binti kweli. Maisha yake yote aliyamalizia jikoni, akiosha vikombe na kuchemsha mayai, mpaka alipoanguka palepale kwenye sinki. Meza za mbele alizijua kwa kuzifuta.

Siang alimpelekea kahawa yenye maziwa mazito ya kopo. Nui akaitazama, akatabasamu kwa adabu, asiiguse. Kesho yake akampelekea nyeusi yenye sukari. Ikafuata kahawa iliyochanganywa na chai, kisha chai tupu, kisha maziwa ya moto. Vyote vilipoa mbele yake. Mgahawa ulipofungwa adhuhuri aliinuka, akarudi makaburini kwa njia ya sokoni, ambayo ina kivuli.

Wateja walimzoea upesi. Pale watu hukaa meza moja hata kama hawajuani, kwa hiyo walijibana kando yake na kumwomba awasogezee mchuzi wa soya, naye akausogeza. Waliyemwandama ni Siang.

"Leo umebahatisha nini, bwana?" mmoja akamchokoza. "Mjaribu na maji ya mchele."

Mzee Jamal hakucheka. "Siang, muulize tu. Mdomo anao."

"Nimuulize mbele za watu, mzee? Dada yangu?"

"Sasa aibu kubwa ni ipi, hiyo au hii?"

Siang akafuta meza iliyokuwa safi. Alijaribu kumkumbuka Nui akinywa chochote, siku yoyote, hata maji. Alichokipata ni mgongo wake.

Ikaja Jumapili ya kufagia makaburi, ambapo kila mwaka familia hurudi kusafisha makaburi ya wazee wao. Watoto wa mji waliohamia Kuala Lumpur na Singapore walirudi na familia zao, na wote walitaka kupita kwa Foo kwanza. Foleni ikafika barabarani. Siang akaona kelele zinamsitiri, akainama sikioni kwa dada yake.

"Dada, wewe unakunywa nini?"

Nui akakitazama kikombe kilichopoa mbele yake. "Sijui, mdogo wangu. Mimi nilikuwa namalizia yaliyobaki kwenye vikombe."

"Vya nani?"

"Vya yeyote. Kabla sijaviosha."

"Na ungependa ipi?"

"Ndiyo nimekuja kukaa hapa niijue. Naona niko karibu. Nivumilie kidogo."

"Siang!" Geok akaita kutoka kwenye jiko la mkaa. "Kuna bibi kizee amesimama mlangoni na fimbo, na wajukuu zake wote, na meza nzima ina mtu mmoja asiyekunywa!"

Siang alimtazama dada yake, kisha foleni. Alijua kabisa linalofaa kusemwa, na hilo ndilo lililomuumbua baadaye, kwamba alilijua.

"Dada," akasema badala yake, "kule nyuma kuna nafasi."

Nui akainuka mara moja. Kabla hajaondoka alifuta meza kwa mkono wa blauzi yake, bibi asije akachafuka.

Siang alipopeleka vyombo jikoni, alimkuta kwenye sinki, povu limemfika kwenye viwiko. Nui akachukua kikombe kimoja kutoka kwenye trei, cha mteja wa Singapore, kilichobaki na kahawa ya maziwa iliyopoa. Akainywa yote akiwa amesimama, akakiosha kikombe.

"Ilikuwa nzuri?" Siang akauliza.

"Imebaki kidogo mno, siwezi kujua."

Siang alisimama pale uso ukimwaka kwa aibu, na ilikuwa aibu ya kweli. Kisha Geok akaita kwamba vikombe vimeisha. Akavibeba vilivyooshwa, akaenda mbele.

Kesho yake Nui alikuja mapema zaidi, akapitia mlango wa nyuma.