Sinema ya Jumatano

Simu zilikusanywa mlangoni saa tatu kasoro dakika kumi. Katibu wa idara alizitumbukiza moja moja kwenye kapu la plastiki, akalipakata, akatangaza kwamba hakuna atakayeiona ya kwake mpaka atoke chumba cha mtihani. Mama Waya alitoa yake shingo upande. Miaka kumi na tisa kazini hakuwahi kuizima, hata msibani.

"Nikiiacha itetemeke tu?" alijaribu.

"Zima, mama. Hata waziri akija hapa atazima."

Akazima. Akaketi kwenye benchi la korido na kujiona yu uchi.

Jina la Mama Waya alipewa na makarani wa hospitali kubwa alikofanya kazi, maana alianza kwa kutambaa juu ya dari akivuta nyaya za simu. Sasa alikuwa kaimu mkuu wa kitengo cha TEHAMA, lakini koleo lake halikutoka mkobani. Kaimu, tena kwa mwaka wa sita. Kila mtu alijua kwa nini. Yeye alikuwa na cheti cha ufundi, na kiti kile kilitaka shahada ya uzamili. Basi akajiandikisha kusoma uzamili wa usimamizi wa teknolojia ya habari, ule wa watu wenye kazi zao, vipindi Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa. Darasani alikaa kati ya mwanajeshi mstaafu na meneja wa bandari ambaye alisinzia wima bila kuinamisha kichwa. Masomo ya miaka miwili yalimchukua minne, kwani katikati aliuguza mama mkwe, na katikati tena mfumo wa hospitali ukahamishwa. Kanuni ya chuo haikujua mama mkwe wala mfumo. Mwaka wa nne ukiisha hujamaliza, jina linafutwa, na vipindi vyote ulivyokaa vinakuwa hadithi ya kusimulia wajukuu. Mwaka wa nne ulikuwa unaisha Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa.

Tasnifu yenyewe aliipenda. Iliuliza jambo moja: mfumo wa kompyuta wa hospitali ukifa saa za kazi, wagonjwa wanahudumiwaje mpaka ufufuke? Mama Waya aliandika mpango wa kurasa sita, kwa maneno ambayo karani yeyote angeyaelewa, akauweka ndani ya jalada jekundu na kulitundika kwenye msumari karibu na dirisha la pili la mapokezi. Chini ya meza ya dirisha hilo alificha kompyuta kuukuu, na kila jioni aliiwekea nakala ya kumbukumbu za siku hiyo. Tatizo lilikuwa moja tu, na lilikuwa kubwa. Chuo kilitaka uthibitisho kwamba mpango umejaribiwa kazini, na ili ujaribiwe, lazima mfumo uzimwe.

Alikwenda kwa Mkurugenzi wa hospitali akaomba saa moja tu.

"Yaani nizime hospitali ili wewe upate shahada?" Mkurugenzi aliuliza, miwani ikiwa imeshuka hadi nchani mwa pua.

"Niuzime mimi leo, Mkurugenzi, kabla haujajizima wenyewe."

"Haujawahi kujizima. Na hayo majalada yako jamani! Watu wamefika kwenye wingu, wanahifadhi kila kitu mtandaoni, wewe bado umetundika karatasi kwenye msumari." Akarudi kwenye makaratasi yake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwingine angelia. Mama Waya alikwenda stoo akaomba maboksi matupu ya glavu. Kila Jumatano, wakati wa chai ya saa nne, aliyapanga juu ya meza ya makarani, moja likiwa seva, mengine madirisha, lingine duka la dawa, yote yameunganishwa kwa uzi. Kisha analipiga kofi lile kubwa linaanguka. "Seva imekufa! Fanyeni kazi!" Makarani wanaacha vikombe, wanafungua jalada jekundu, wanagawana kadi zenye namba, huku yeye ameshika saa. Wiki za kwanza walicheka mpaka chai ikawapalia. Wauguzi walikuja kuchungulia, wakaiita sinema ya Jumatano, wakauliza kiingilio.

Aliyeitetea sinema hiyo kufa na kupona alikuwa karani wa dirisha la pili, mama mnene mwenye sauti ya kuita foleni bila kipaza sauti, ambaye hospitali nzima ilimwita Shangazi. Shangazi ndiye aliyegundua kasoro yake.

"Sisi hatujifunzi, Mama Waya. Tukikwama tunakutazama wewe, na wewe unatutajia jibu kwa macho."

Lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Jumatano iliyofuata aliangusha boksi, kisha akachukua plasta pana ya vidonda, akajibandika mdomoni, akageukia ukuta. "Na mimi nimekufa," alikuwa ametangaza kabla ya kujiziba. Walipiga kelele, waligombana, walikosea ukurasa wa tatu, wakarudia. Alibaki na plasta yake kwa Jumatano tisa.

Sasa alikuwa nje ya chumba cha mtihani, na mezani kwake alikuwa amemwacha Bwana Wingu. Huyu alikuwa mtaalamu kutoka makao makuu, mwenye shahada mbili na viatu vya kung'aa, na lolote ulilomuuliza lilikuwa "lipo kwenye wingu, dada". Ndiye aliyeandika mpango rasmi wa dharura, kurasa sitini na michoro ya rangi, ambao hakuna karani aliyewahi kuutia machoni. Kwa miezi miwili alitaka kusasisha mfumo, na Mama Waya alimkatalia: si siku ya kazi, na si kabla ya kuujaribu kwanza kwenye kompyuta kuukuu. Jana jioni alimwambia tena, "Kesho sipo. Usiguse kitu."

"Nenda kwa amani, dada," Bwana Wingu alijibu, kwa upole uliopaswa kumtia shaka.

Zamu yake ilifika saa nne na nusu. Ndani walikuwapo watatu: mwenyekiti, msimamizi wake ambaye wanafunzi walimwita Daktari, na mtahini wa nje, mwanamke mwembamba aliyesimamia mitambo ya uwanja wa ndege kwa miaka ishirini kabla ya kuingia ualimu. Mama Waya alieleza kurasa zake sita bila kutazama karatasi. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika. Daktari alitabasamu. Mtahini wa nje alifunga tasnifu.

"Nimeipenda," alisema. "Lakini umejaribu kwa maboksi. Boksi likianguka hakuna mgonjwa anayeumia, hakuna bosi anayefoka. Na kuna jambo jingine. Kila mahali nasoma 'nilifanya', 'niliandika', 'niliwafundisha'. Hii ni shahada ya usimamizi, siyo ya ufundi. Siku mfumo utakapokufa kweli, na wewe haupo, kitatokea nini?"

Mama Waya alifungua mdomo. Jibu zuri lilikuwepo, lenye maneno ya darasani, na alilijua kwa moyo. Lakini alimfikiria Shangazi akimwambia unatutajia jibu kwa macho, na uongo ukamshinda.

"Sijui," alisema. "Naamini watafanya. Kujua, sijui. Nilinyimwa ruhusa ya kuzima."

Mtahini aliandika kitu kifupi. Mwenyekiti alimwomba asubiri nje, na sauti yake ilikuwa na ule wema wa kumpa mtu pole. Mama Waya alitoka akiwa hoi. Minne, aliwaza. Miaka minne, mume wangu amekula viporo Jumamosi zote hizo, na nimekwenda kusema sijui.

Katibu alimrudishia simu. Aliiwasha ili ampigie mumewe, amwambie mapema. Simu ilianza kutetemeka na haikuacha. Alikuwa amepigiwa mara thelathini na saba. Akakaa chini kwenye sakafu pale pale, bila kujali tai na sketi ya mtihani, akaanza kusoma ujumbe kuanzia wa kwanza.

Saa tatu na dakika kumi na mbili, Shangazi: "Pokea simu. Skrini zote nyeusi."

Saa tatu na robo, Bwana Wingu: "Dada, samahani, nina swali dogo."

Saa tatu na dakika ishirini, Bwana Wingu tena: "Dada, swali si dogo."

Saa tatu na nusu, Shangazi: "Kasasisha mfumo, seva imekufa. Tumemwambia afungue mpango wake wa kurasa sitini, kumbe kauhifadhi humo humo ndani ya seva. Anatokwa jasho mpaka viatuni."

Dakika tano baadaye: "Hatupigi tena. Nimeshusha jalada jekundu."

Baada ya hapo hapakuwa na simu hata moja. Palikuwa na ujumbe mfupi mfupi tu. Ukurasa wa kwanza tayari. Ukurasa wa pili, kadi zimegawiwa. Ukurasa wa tatu hatukukosea! Ukurasa wa nne, Bwana Wingu yupo chini ya meza anaunganisha kompyuta kuukuu, namsomea mstari kwa mstari. Mkurugenzi amekuja kufoka, nimemkalisha benchini na wagonjwa. Na wa mwisho, wa saa tano na dakika tano: "Imerudi. Wamepita wagonjwa mia mbili na kumi na wanne kwa kadi. Hakuna aliyerudishwa nyumbani."

Akampigia Shangazi. Shangazi alipokea kwa pumzi za mtu mwenye shughuli, na nyuma yake foleni ilisikika ikiitwa namba.

"Shangazi! Nakuja sasa hivi, nachukua gari la..."

"Uje kufanya nini? Ulijibandika plasta mwenyewe, baki nayo. Namba mia mbili na kumi na tano!" Simu ikakatwa.

Mama Waya alicheka peke yake koridoni hadi machozi yakamtoka. Katibu akainuka, akalitazama kapu, akamtazama yeye, asijue lipi la kufanya.

Mlango ukafunguliwa, akaitwa. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kukunja uso wa kusikitika na alianza, "Jopo limeona juhudi zako, ila pasipo uthibitisho..."

"Mwenyekiti, naomba nijibu lile swali," Mama Waya alisema. "Nimepata jibu sasa hivi." Akaweka simu mezani na kuwasomea ujumbe wote, mmoja baada ya mwingine, pamoja na ule wa viatu. Daktari aliziba mdomo kwa kiganja. Mtahini wa nje hakucheka. Aliomba apigiwe Mkurugenzi, tena sauti isikike kwa wote.

Mkurugenzi alipokea. Mtahini alijitambulisha, akauliza, "Leo aliyeongoza kazi ya kurudisha huduma ni nani?"

"Karani wa dirisha la pili," Mkurugenzi alisema, na akasita. "Amenikalisha benchini."

"Na kaimu mkuu wa kitengo alitoa maelekezo gani?"

"Hakuna. Tumempigia karibu mara arobaini, hakupokea. Mwanzoni nilitaka kumfukuza kazi. Halafu nikakaa pale nikatazama. Wanafanya kama watu waliozaliwa na lile jalada. Aliniomba saa moja, nikamnyima. Nadhani leo nimezilipa mbili." Akakohoa. "Mwambieni arudi na cheti. Kiti chake nimechoka kukiita cha kaimu."

Mtahini wa nje alifungua tena tasnifu, akatafuta ukurasa, akachora mstari juu ya alichokuwa ameandika.

"Umefaulu," alisema. "Ila sharti lipo. Mpango wako una fomu ya tukio. Waliijaza?"

"Kama wamefuata ukurasa wa sita, wameijaza."

"Basi niletee nakala yenye muhuri kabla ya Jumatatu, uifanye kiambatisho cha mwisho."

Hakwenda nyumbani. Alimpigia mumewe kutoka ndani ya teksi, naye, fundi cherehani ambaye kwa miaka minne alikuwa akimwambia atamshonea joho mwenyewe chuo kikimchelewesha zaidi, alipiga vigelegele vya kike katikati ya duka mbele ya wateja.

Mapokezi palikuwa pametulia alipofika. Bwana Wingu alimkimbilia, shati nje, akaanza kuomba radhi tangu mlangoni. Mama Waya alimpa mkono akamwambia Jumatano aje kwenye chai, kuna boksi lake. Makarani walisimama nyuma ya vioo wakigonga meza kwa viganja, hadi wagonjwa nao wakapiga makofi bila kujua wanamshangilia nani. Alijiona mrefu kuliko dari aliyowahi kutambaa juu yake.

Shangazi peke yake hakusimama. Alimsukumia fomu chini ya kioo.

Ilikuwa imejazwa yote, kwa kalamu ya bluu, saa kwa saa. Mwisho kabisa palikuwa na mstari ambao Mama Waya aliuandika mwenyewe mwaka uliopita, akiwa na uhakika kwamba ndio muhimu kuliko yote: *Maelekezo ya mkuu wa kitengo.* Mbele yake Shangazi alikuwa ameandika maneno mawili: *Hakupatikana. Hakuhitajika.*

"Nimekosea?" Shangazi aliuliza. "Nafasi ilikuwa ndogo."

Mama Waya alifuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Hujakosea hata nukta," alisema. "Nipigie nakala, na Mkurugenzi agonge muhuri. Karibu na mstari huo."

Alisubiri wino wa muhuri ukauke. Alilirudisha jalada jekundu mahali pake, akaona msumari umelegea kwa vurugu za asubuhi, akatoa koleo mkobani akaugongomea. Ilikuwa saa nane tu, na madirisha yote manne yalikuwa yanafanya kazi. Akawaaga, akatoka kwa lango kubwa, na alipofika barabarani akaitoa simu na kuizima.